Kutafuta Maziwa Njombe

Mke wangu alishikwa na uchungu basi likiwa limeshaipita Njombe, tunaelekea Makambako, na mimba ilikuwa ya miezi saba na siku chache. Tulikuwa tumetoka Songea alfajiri. Safari ilikuwa ya Morogoro, kwa dada yangu mkubwa, kwa sababu mama mzazi wa mke wangu alikwisha kufariki na wa kwangu pia, na uzazi wa kwanza ulikuwa umetufundisha kwamba watu wawili peke yao hawatoshi. Nilimwona ameshika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Nilidhani ni kichefuchefu cha kona. Akatikisa kichwa, kisha akaniinamia na kuniambia taratibu, ili jirani asisikie, kwamba kiti kimelowa.

Stendi ya Makambako tulishuka bila mzigo. Begi la nguo za mtoto lilibaki kwenye buti la basi, wala sikulikumbuka mpaka jioni. Bajaji ilitupeleka kwenye kituo cha afya kilichokuwa karibu, na kabla sijamaliza kuandikisha majina nilisikia sauti kama ya paka mdogo nyuma ya pazia. Ndiye mwanangu. Mkunga alitoka akaniambia ni mtoto wa kike, yuko hai, lakini ni mdogo sana na pale hawana chumba cha joto. Wakaita gari la wagonjwa. Njia ile ile tuliyoijia tukairudia hadi Njombe, mimi nimekaa mbele na dereva, mke wangu nyuma, mtoto ameingizwa ndani ya gauni lake, kifuani. Kila gari lilipopunguza mwendo niligeuka kutazama. Dereva hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Alisema tu kwamba barabara ni nzuri, na nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Kilo moja na gramu mia mbili. Hivyo ndivyo mizani ya wodi ya watoto njiti ilivyosema. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kukadiria kwa jicho, na nilipooneshwa mtoto nilijikuta nimeshampima: kutoka utosini hadi kisigino hakufika urefu wa mkono wa shati. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba, imemzidi kama nguo ya kuazima. Alikuwa na mpira mwembamba puani.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo mwenye miwani, alinieleza mambo yalivyo. Mtoto hana nguvu ya kunyonya, atalishwa kwa mpira huo kila baada ya saa mbili, matone tu. Kwa siku za mwanzo wana dripu. Lakini dawa yake hasa ni maziwa ya mama yake, na kwa hiyo mama lazima ale, anywe vya moto, apumzike, akamue hata kama hakitoki kitu. Wanaume hawakai wodini. Nitaingia saa za kuona wagonjwa, na chakula nitakabidhi mlangoni.

"Mama akila, ndiyo mtoto kala," alisema. "Kazi yako ni hiyo, baba."

Nikaichukua kazi hiyo kama mtu aliyeshika kamba akiwa ndani ya kisima.

Nilipanga chumba kwenye gesti moja karibu na hospitali. Asubuhi ya kwanza nilitoka kabla jua halijapanda, nimevaa shati moja juu ya jingine kwa sababu koti sikuwa nalo. Ilikuwa mwishoni mwa masika, na baridi ya Njombe ilikuwa imeanza, baridi ambayo mtu wa Tunduru kama mimi huisikia kwanza kwenye meno. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Kando ya njia inayopanda hospitalini walikuwa wamejipanga akina mama, kila mmoja na jiko lake la mkaa, chupa zake za chai, na masufuria yaliyofunikwa kwa vipande vya blanketi kama watoto waliolala.

Wa kwanza kunisemesha aliniambia, "Kamwene." Sikujua ni salamu, wala sikujua inaitikiwaje, nikajibu "Marahaba." Alikuwa mama mwenye umri wa kunizaa. Jirani zake walicheka, yeye akanisaidia akisema kwamba Kamwene hujibiwa Kamwene, halafu akauliza nina mgonjwa gani. Kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza, nilimweleza yote nimesimama, mpaka chai ya mteja mwingine ikapoa. Aliuliza kama maziwa yameshatoka. Nikamwambia bado. Akafunua sufuria, akanichotea uji wa ulezi, mzito, wa rangi ya udongo wa mfinyanzi, akauwekea karanga zilizotwangwa, akaujaza kwenye chupa. Huo ndio unaoleta maziwa, alisema. Hapa kwetu mzazi hanywi kitu kingine.

Kwetu nilikokulia asubuhi ni mihogo na chai, au kiporo cha wali. Ulezi niliujua kama kitu cha kulisha vifaranga. Niliomba kikombe kimoja nionje, nisije nikampelekea mke wangu kitu asichoweza kumeza. Ulikuwa mchachu kidogo na wa moshi, nao ulishuka tumboni ukakaa. Nilikimbia na chupa mpaka mlangoni. Muuguzi aliipokea akaingia nayo, na baada ya muda chupa ikarudi tupu. Nilifurahi kwa hiyo chupa tupu kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu.

Siku hiyo maziwa hayakutoka. Siku ya pili hayakutoka.

Nilipiga simu Morogoro. Dada hakuweza kuja. Baba mkwe wake alikuwa amelala ndani amepooza na hapakuwa na wa kumgeuza. Alinifundisha kwa simu: chai ya maziwa iliyochemshwa na pilipili manga nyingi na tangawizi, mpaka atoke jasho. Nilimpata mwuza chai aliyekubali kunichemshia hivyo, akishangaa. Chupa ikarudi tupu. Mama wa uji akasema labda ulezi peke yake hautoshi, niongeze numbu. Alinionesha: viazi vyembamba kama vidole, vya kahawia, vyenye vinundu, vimechemshwa na maganda yake. Watu walivila hivyo hivyo na chai ya rangi, wakichovya kwenye chumvi. Ni vya huku juu, alisema, hata mjini si kila siku vinapatikana. Nilikula kimoja. Kilikuwa kitamu kwa mbali, kina unga kama kiazi na harufu kama ya majani yaliyopondwa. Nilipeleka bakuli zima. Likarudi tupu.

Nikawa mtu wa kuuliza kila ninayekutana naye. Sokoni mwanamke kutoka kijiji cha Kifanya aliyekuwa akiuza parachichi aliniambia nimpondee mbili kila asubuhi na asali. Mwenye duka la maziwa akasema mtindi. Mzee wa kiti cha jirani kwenye banda moja la supu akasema supu ya kwato, ile inayonata midomoni. Mwingine akapinga, akasema kwato ni za waliovunjika mifupa, mzazi apewe makande ya maharage mabichi. Nilileta vyote. Asubuhi uji, saa nne viazi mviringo vya moto vilivyomenywa na kupondwa na njegere, mchana makande, jioni magimbi na maziwa. Mji mzima niliujua kwa masufuria yake. Nilijua nani anapika vitumbua vya mchele na nani anachanganya unga wa ngano, nani chai yake ina moshi, nani anaanza kuuza kabla ya adhana na nani anangojea kengele ya kanisa. Mtu mwingine angekuja kutembea akavijua vyote hivyo kwa raha. Mimi kila kitu nilikionja nikiwa na swali moja tu, na kwa hiyo sikumbuki utamu wa kitu chochote, nakumbuka kwamba hakikufanya kazi.

Siku ya nne mbeba mizigo mmoja aliniapia kwamba dawa ni ulanzi. Si ule wa kulewesha, alisema, bali utomvu wa mianzi uliogemwa siku hiyo hiyo asubuhi, mtamu kama soda. Alinipeleka kwa mtu aliyekuwa ameuteremsha kutoka kijijini kwa baiskeli. Niliupeleka mlangoni nikiwa nimeuficha ndani ya shati. Muuguzi aliunusa tu, akautoa nje na kuumwaga kwenye maua mbele ya macho yangu. Hakunigombeza. Aliuliza nilikula nini mimi mwenyewe tangu jana, na nilipojaribu kukumbuka nikaona sikumbuki. Ndipo akanionesha kikombe cha kukamulia cha mke wangu. Kilikuwa kikavu. Alisema watampima tena, kwa sababu mama anayekula kama huyu, kwa siku nne, ilipasa awe ameshaanza kutoa hata tone.

Mtoto alikuwa amepungua. Gramu mia moja na ishirini zilikuwa zimeondoka.

Siku ya tano nilipigiwa simu kutoka Makambako. Begi letu lilikuwa limerudishwa na basi, liko ofisini kwao stendi. Sikutaka kwenda. Mke wangu ndiye aliyeniambia niende, kwa sababu watoto wote wodini walikuwa wamevaa soksi kichwani badala ya kofia, na sisi tulikuwa na kofia. Basi, nikapanda gari dogo la asubuhi.

Makambako ni njia panda, na watu wake wanapika kama watu wa njia panda, kwa haraka na kwa wasafiri. Hapo nilikuta mahindi mabichi ya kuchemsha kwenye ndoo zenye mvuke, mayai yaliyopasuliwa na kutiwa kachumbari ya pilipili, viazi vya kukaanga vilivyofungwa kwenye karatasi, chapati zilizopangwa kama mashuka, na kuku wa kienyeji aliyekaangwa vipande vipande kwenye mabeseni. Nilichukua begi. Mtu wa ofisini aliomba radhi na kuniuliza mama anaendeleaje. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye benchi la banda la supu, na mwenye banda bila kuagizwa akaniwekea bakuli la mchuzi wa kuku, chapati mbili na ndimu.

Nililila lote. Kilikuwa chakula changu cha kwanza kamili tangu tushuke kwenye basi pale pale stendi. Nilipomaliza niliona haya, kama niliyeiba. Nikaomba nitengenezewe mchuzi mwingine kama ule, mzito, na mguu mzima ndani yake. Niliutia kwenye chupa, nikafungua begi, nikaizungushia shali la mtoto na vile vigauni nilivyovishona mwenyewe kwa majioni ya miezi miwili, na kwa njia nzima nilikumbatia begi lile kifuani ili mchuzi usipoe. Vile vigauni vyote, sasa nilivyokuwa nimemwona mtoto mwenyewe, vingemtosha mara tatu.

Mchuzi ulifika wa moto. Chupa ikarudi tupu. Kikombe cha kukamulia kikabaki kikavu.

Nilikuja kuujua ukweli siku ya saba. Nilikuwa kwenye bomba la nje nikiosha vyombo, akaja mwanamke aliyekuwa kitanda cha jirani na mke wangu. Alitoka Matembwe, amejifungua pacha, wote wadogo. Mumewe alikuwa kazini kwenye mbao huko Lupembe na aliweza kuja mara moja tu kwa wiki. Alipiga goti kidogo kama wanavyofanya, akaniita shemeji. Alisema hajui atanilipa nini, kwamba tangu ameanza kunywa uji wangu na ule mchuzi maziwa yake yanawatosha watoto wote wawili na yanabaki. Alidhani ninajua. Alidhani tulikubaliana, mimi na mke wangu, kumsaidia.

Nilimwambia ni kitu kidogo. Niliendelea kuosha chombo kile kile.

Saa za kuona wagonjwa nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mke wangu alikuwa amekonda mashavu, nami kwa siku zote hizo nilikuwa nimeona ukondefu huo nikauita uchovu. Nilimuuliza kama chakula anampa yule mama. Hakukataa.

"Ana watoto wawili," alisema.

"Na wewe una mmoja."

Akasema, akitazama mikono yake, "Maziwa yakija, halafu mtoto akaondoka, nitayapeleka wapi tena?"

Hapa inabidi nieleze habari ya mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa wa kiume, alizaliwa Songea miaka miwili kabla, ametimiza miezi yake yote, na hakumaliza siku moja. Mke wangu alikuwa amepoteza damu nyingi, hakuwa na fahamu. Mimi na baba yangu mdogo tulimzika mtoto kabla mama yake hajaamka. Siku ya nne nilirudi kwenye cherehani, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na watu walisubiri sare. Niliona kila siku magauni ya mke wangu yameanikwa yakiwa na mabaka ya maziwa kifuani. Niliona alivyojifunga khanga kwa nguvu chini ya nguo. Wiki mbili nzima mwili wake uliandaa chakula cha mtu ambaye hakuwepo, na mimi sikuuliza hata mara moja. Nilidhani kutouliza ni upole.

Sasa alikuwa ananieleza, na jibu langu linanitia aibu hata leo. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeogopa kwa siku saba mfululizo, na nilikuwa nimetembea mji mzima nikiomba uji kama mwendawazimu. Nikamwambia:

"Kwa hiyo umeshaamua na huyu naye aende."

Akageukia ukutani. Kengele ya kuwatoa wageni ililia nikatoka.

Asubuhi iliyofuata sikununua kitu cha kumpelekea. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, ile ya Njombe isiyo na sauti. Mama wa uji alinyoosha mkono kuipokea chupa kama kawaida, nikamwambia leo hapana. Hakuuliza. Alinifungia numbu chache kwenye karatasi, akasema hizo ni zangu mimi, nile nikitembea. Nilizitia mfukoni nikasahau kuzila.

Mlangoni muuguzi mwenye miwani alikuwa ananisubiri. Alinishika kiwiko akaniingiza ndani bila kujali saa, na hapo nilijua kwamba mtoto amekufa. Alipoona uso wangu akasema hapana. Mtoto alisahau kupumua alfajiri, alisema kwa neno hilo hilo, alisahau. Walimkuna unyayo akakumbuka. Akasahau tena, wakamkuna tena. Sasa anapumua, lakini anahitaji kifua cha mtu muda wote, na mama yake anatetemeka mno hawezi kumshika. Akaniambia nivue mashati yangu.

Waliniketisha kwenye kiti kando ya kitanda cha mke wangu. Walimlaza mtoto juu ya kifua changu, ngozi kwa ngozi, wakatufunga pamoja kwa khanga na blanketi. Hakuwa na uzito. Nilihisi joto tu, na kitu kinachogonga kwa haraka, kama kidole cha mtu anayepiga hodi na kukata tamaa. Niliambiwa nikiona amenyamaza nimsugue mgongo. Nilihesabu pumzi zake. Nilipofika mia nilianza upya. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani magoti yamefika kidevuni, anatutazama.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kisha mtoto akageuza kichwa. Kilikuwa kichwa cha ukubwa wa ndimu kubwa, na kukigeuza kulimchukua nguvu zote. Akafungua kinywa. Akakisugua kwenye kifua changu, akasogea kidogo, akafungua tena, huku na huku, kwenye mbavu zangu na manyoya machache niliyo nayo. Sikuelewa anafanya nini. Nilidhani anaumwa.

"Anatafuta," mke wangu alisema.

Alikuwa ameshuka kitandani. Alipiga magoti sakafuni mbele ya kiti changu, uso wake karibu na wa mtoto. Tangu mtoto azaliwe sikuwa nimemsikia mama yake akimsemesha.

"Hapo hakuna kitu, mama," alimwambia. "Huyo ni baba yako. Hana kitu."

Mtoto akaendelea kutafuta. Mke wangu alilia, kilio cha kimya cha mtu asiyetaka kuamsha wodi. Mimi mikono yangu ilikuwa imefungwa ndani ya khanga, sikuweza kumfuta. Baada ya muda alijifuta mwenyewe, akauliza nina nini mfukoni, kuna kitu kinanukia. Nikamwambia ni numbu, na zimepoa. Aliingiza mkono kwenye shati langu lililotundikwa kwenye kiti, akazitoa. Alikula ya kwanza na maganda yake, pale pale sakafuni, akitafuna polepole kama mtu aliyesahau kutafuna. Akala ya pili. Akala zote. Kisha akauliza kama zipo nyingine, na kwa kuwa mimi sikuweza kuinuka, mwanamke wa Matembwe alijifunga shuka akatoka mvuani kwenda kuzitafuta.

Maziwa hayakuja siku hiyo. Yalikuja siku mbili baadaye, matone ya rangi ya kiini cha yai, hayakujaza hata kizibo cha chupa. Muuguzi aliyavuta kwa bomba la sindano, akaliinua dirishani tuone, kisha akayasukuma kwenye mpira taratibu. Mpaka leo sijui ni kipi kilichoyaleta. Nimewahi kumuuliza daktari mmoja akasema ni kumshika mtoto, ni kukamua, ni moyo kutulia, ni chakula, vyote pamoja. Mama wa uji hakuwa na shaka: ni ulezi wake.

Nisiseme kwamba hapo mambo yalinyooka. Wiki ya pili mtoto alipata homa, wakasimamisha maziwa kwa siku mbili, nami nilirudi kusimama kwenye ukungu mbele ya masufuria bila kujua ninunue nini. Wiki hiyo hiyo mmoja wa wale pacha alifariki. Baba yao alifika kutoka Lupembe na vumbi la mbao bado liko nyweleni. Nilimsaidia kubeba boksi mpaka kwenye gari, na lilikuwa jepesi kiasi kwamba hatukujua nani alibebe, tukalibeba wote wawili, kila mtu mkono mmoja. Nilikuwa nimemkasirikia mwanamke yule, moyoni, kwa ajili ya uji na mchuzi. Jioni ile mke wangu aligawa kila nilicholeta katikati, nusu kwake na nusu kwa yule mama, na alikaa naye kitandani mpaka mwenzake alipomaliza kula.

Tulitoka hospitali baada ya wiki tano. Kilo moja na gramu mia nane. Walituambia tusisafiri kwanza, tuwe tunamleta mtoto kupimwa kila wiki, kwa hiyo nilipanga chumba kwa mama mmoja nyuma ya soko na nikaazima cherehani kwa fundi wa mtaa huo. Morogoro hatukufika mwaka ule. Asubuhi nilikuwa napika mimi. Uji wangu wa ulezi ulikuwa na madonge, na mke wangu aliunywa hivyo hivyo, akiyatoa madonge kwa kijiko na kuyapanga kwenye ukingo wa sahani.

Asubuhi moja, nadhani ilikuwa wiki ya pili ya kukaa pale, alikuwa ananyonyesha na mimi nakata kitambaa sakafuni. Aliniuliza bila kutangulia na neno jingine:

"Yule wa kwanza, ulimwona uso?"

Niliacha mkasi. Nilimwambia nilimwona. Alisubiri. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi, zilizolala upande mmoja, na kwamba kipaji cha uso wake kilikuwa kama cha mama yake, kipana, na katikati ya nyusi alikuwa amekunja kidogo kama mtu anayefikiri. Nikamwambia baba mdogo alimfunga kwa kitambaa cheupe nilichokuwa nimekinunua kwa ajili ya shati langu. Nikamwambia mahali alipolala, karibu na mti gani, na kwamba nilishawahi kupita pale mara tatu bila kumwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mtoto aliachia ziwa akalala, na yeye akamhamishia begani, akampiga mgongo polepole.

"Na mikono?" aliuliza. "Mikono yake ilikuwaje?"

Nikasogea karibu, nikaanza kumweleza mikono.